Nilivyoacha kupotea kwenye treni za Berlin

Mimi Berlin nilifika nikitokea Dar, usafiri wangu wa maisha yote ni daladala na juzijuzi mwendokasi, nikajua treni nazo ni hivyohivyo, unapanda, unashuka, basi. Wiki mbili za kwanza nilipotea mpaka nikaona aibu kuuliza.

Kilichonichanganya ni zile herufi. Kuna S, kibao cha kijani, na kuna U, kibao cha bluu, na nilishaambiwa S ni treni za kwenda vitongojini zinapita juu, U ni za chini ya ardhi. Nikakariri hivyo. Sasa siku hiyo niko Friedrichstraße nataka S2, nikapandisha ngazi mpaka juu kabisa nikasimama, inakuja S3, S5, S7, S9, kisha hizohizo tena, S2 hata dalili. Nimeganda pale kama dakika 40 na baridi ya Januari ndo nikamuuliza mama mmoja, hakuongea, akanyoosha kidole chini. Kumbe S2 iko chini ya ardhi! Halafu U1 sasa, ukiipandia Warschauer Straße unaenda juu kwa juu kama uko flaiova, unavuka mto Spree unaziona boti kule chini. Kwa hiyo herufi haikwambii treni inapita wapi, hilo lifute kichwani mapema.

Aliyenifungua macho ni kaka mmoja wa Tanga, kakaa huku miaka mingi. Nilivyomlalamikia akacheka sana, "Mdogo wangu, we Dar ulikuwa unatembea na ramani? Si unajua gari inaanzia wapi inaishia wapi, imeandikwa pale mbele?" Akachukua bahasha akachora duara, ndani yake mstari mmoja umelala, mwingine umesimama. Akasema hiyo ndo Berlin, vingine vyote nyongeza.

Duara ni Ringbahn, njia ya S inayozunguka katikati ya mji, kilomita 37, vituo 27, ukizunguka lote ni kama saa nzima. Mstari uliolala unatoka mashariki kwenda magharibi juu ya matao ya matofali, Ostkreuz, Alexanderplatz, Friedrichstraße, Hauptbahnhof mpaka Westkreuz, huko ndo kwa S3, S5, S7 na S9. Uliosimama ni kaskazini kwenda kusini na katikati ya mji unazama kwenye handaki, huo una S1, S2, S25 na S26. Hiyo mistari inakutana wapi? Friedrichstraße, mmoja juu mwingine chini, palepale nilipoganda! Ukiona namba inaanza na 4 ujue inagusa duara. Baada ya hapo huangalii ramani tena, unaangalia namba na jina la kituo cha mwisho kwenye kioo cha treni, kama unavyosoma Gongo la Mboto.

U ziko 9, U1 mpaka U9, zinajaza katikati ya hiyo mistari na tiketi ni ileile moja. Mashariki utaziona chache, kaka akanieleza ni mambo ya ule ukuta wa 1961 uliogawa mji mashariki na magharibi, upande ule wa mashariki waliachiwa U mbili tu za kutumia, wakategemea S na tramu. Na U6 na U8 zilikuwa za magharibi ila zinapita chini ya mashariki, basi kule zilikuwa hazisimami kwenye vituo vingi, treni inapunguza mwendo, abiria anachungulia kituo chenye giza na askari kasimama. Nikipita na U8 huwa nafikiria hilo.

Basi nikajiona mjuaji. Niko Gesundbrunnen naenda Schönhauser Allee, kituo kinachofuata tu, dakika mbili. Nikaruka kwenye ya kwanza iliyokuja, ni S42. S41 inazunguka kama mshale wa saa, S42 kinyume chake. Nikaona Wedding, Westhafen, nikajua nimeyatimba, ila nikajisemea si duara hili, itafika tu. Ikafika kweli, karibu saa nzima baadaye, nimezunguka mji mzima kwenda jirani.

Kilichoniuma zaidi ni tiketi. Huku hakuna geti wala konda, unaingia tu, ila ile ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye kimashine kabla ya kupanda. Mimi nilinunua safi kabisa, nikaangalia na kanda za nauli, A ni ndani ya duara, B mpaka mwisho wa jiji, C ni nje kule Potsdam na uwanja wa ndege, nikaiweka mfukoni. Wakaguzi wengine wanavaa kiraia, jamaa wawili nilidhani abiria wenzangu wakatoa vitambulisho. Tiketi ninayo, nimeilipia, haijagongwa. Euro 60. Siku hizi nanunua kwenye simu kabla sijakanyaga kituoni.