Kidole Gumba

Jumamosi usiku, Budapest.

Nimerudi saa mbili. Vidole bado vinanukia nta ya mbao, na sina hamu ya kunawa.

Leo wenzangu watatu wa chuo walinipeleka kwenye chumba cha mafumbo. Wahungaria wanakiita szabadulószoba, chumba cha kujinasua: mnafungiwa ndani kwa dakika 60, na hamtoki kwa ushindi mpaka mfumbue kila lililofumbwa. Mchezo wenyewe ulianzia Kyoto, Japani, mwaka 2007, lakini mji huu ukaushika kwa mikono miwili tangu Attila Gyurkovics alipofungua chumba chake hapa mwaka 2011. Wala sishangai. Huu ndio mji wa Ernő Rubik, aliyeunda mchemraba wake wa mafumbo mwaka 1974, na mfano wa kwanza ulikuwa wa mbao.

Chumba chetu kiko chini ya ardhi, kwenye jengo kuukuu la Wilaya ya Saba. Kisa chake ni hiki: fundi saa ametoweka usiku, karakana imeachwa vilevile, na barua moja aliyoiandika haijulikani iko wapi. Tuitafute. Hakuna skrini, hakuna sauti ya kurekodiwa. Kila kitu mle ndani kimetengenezwa na mzee mmoja, fundi seremala, ambaye ndiye aliyetufungulia mlango na kutufungia. Mwaka jana niliwahi kucheza chumba kingine, cha umeme mtupu. Kufuli lilifunguka kabla hatujapata jibu, na tulipolipata likagoma. Nilitoka nimechoka tu. Cha leo ni kitu kingine kabisa.

Ufunguo wa kwanza ulikuwa ndani ya bomba la kioo, refu na jembamba, mkono hauingii. Tulijaribu waya, tulijaribu sumaku, tukabishana kwa sauti dakika nzima. Halafu mwenzetu wa Kisumu akagundua kwamba ufunguo umefungwa kwenye kizibo cha chupa. Kizibo huelea! Kumbe birika la maji lililokuwa mezani tangu mwanzo halikuwa pambo. Tukamimina taratibu, ufunguo ukapanda wenyewe, na sisi watu wazima wanne tukapiga makofi kama watoto.

Palipotushinda tuliomba msaada, na msaada ulikuja kwa kikaratasi kilichosukumwa chini ya mlango, kimeandikwa kwa kalamu ya risasi. Tuliruhusiwa vitatu. Nilikuwa nimewafundisha wenzangu kutega na kutegua vitendawili, kwa hiyo kila tuliposhindwa tulimpa mzee mji. Wa kwanza tulimpa Mombasa. Wa pili Szeged. Wa tatu hatukuutoa.

Hatukuutoa kwa sababu ya kisanduku.

Kilikuwa cha mbao nyeusi, ukubwa wa mkate wa boflo. Hakina kufuli, hakina bawaba, hakina tundu. Ukikitikisa unasikia karatasi ndani. Zimebaki dakika tisa. Wenzangu walikigeuza huku na huku, wakakibonyeza kila upande, kimya. Kikanifikia mimi. Nilipokishika chini ya taa nikaona ubao mmoja wa mbele unang'aa kidogo kuliko wenzake, mng'ao wa mahali palipopapaswa sana. Nikaweka kidole gumba hapo, nikasukuma juu. Sikufikiri. Kidole kilikwenda chenyewe. Ubao ukapanda, na nyuma yake pakatokea droo ndogo, na ndani ya droo barua ya fundi saa.

Wenzangu walipiga kelele. Mimi nilikuwa Unguja, chumbani kwa bibi.

Bibi alikuwa na kasha la mvule lenye misumari ya shaba. Ukilifunua, upande wa kushoto ndani yake kuna kisanduku cha kuwekea udi. Siku moja, nina miaka saba au minane, alinishika kidole gumba akakiweka kwenye ubao wa mbele wa kile kisanduku na kukisukuma juu kwa kidole chake. Nyuma yake droo tatu. "Umeona? Basi nyamaza." Nikanyamaza kweli. Bibi ana miaka mitatu sasa tangu atutoke, na sikuwahi kulikumbuka jambo hili hata mara moja.

Mzee alipotufungulia aliniuliza nimejuaje. Kihungaria changu ni cha kuombea mkate, basi nikamchorea kasha nyuma ya risiti: misumari, kifuniko, kile kisanduku, ule ubao. Aliitazama ile michoro muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kisha akatoa penseli nyuma ya sikio, akachora mshale kuelekea juu, akanitazama. Nikatikisa kichwa kukubali. Akaikunja risiti akaitia mfukoni.

Nilipofika tu chumbani nikampigia mama kwa video. Unguja kulikuwa saa tatu.

"Mama, kasha la bibi, ile sehemu ya udi. Sukuma ubao wa mbele juu."

"Ubao gani? Hapa hapafunguki, mwanangu."

"Kwa kidole gumba. Kushoto kidogo. Hapo hapo."

Picha ikayumba, nikaona dari, nikaona mkono wake. Kikasikika kitu kikikwaruza, halafu mama akanyamaza.

"Bi mkubwa huyu," akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kumbe hereni zangu za utotoni aliziweka huku."