Saa ya mshale mmoja

Saa ninazokusanya, mama mdogo anasema, ni za mtu asiyetaka kujua saa ngapi. Sina la kumjibu. Moja haina mshale wala tarakimu, ina vitaa tu: vya saa ni 8, 4, 2 na 1, na vya dakika vinaanzia 32. Unajumlisha vilivyowaka. Vikiwaka 4, 2 na 1 ni saba, yaani kwetu saa moja. Kwa hiyo Mzanzibari ajumlishe, kisha atoe sita, na aliyemuuliza keshakwenda zake.

Nyingine ni ya kidirisha, tarakimu ya saa inaruka kila dakika sitini zikitimia. Si uzushi wa juzi huo: Josef Pallweber wa Austria aliutia kwenye saa za mfukoni miaka ya 1880. Ninayoitamani na sitaipata ni Pulsar, saa ya tarakimu za taa ya kampuni ya Hamilton, ya 1972, iliyouzwa dola 2,100. Taa zake nyekundu zilikula betri mno, ikabidi zizimwe mpaka ubonyeze kitufe. Saa ya mkononi inayotaka mikono miwili!

Ninayoivaa kila siku, lakini, ni ya mtumba wa Darajani, ina mshale mmoja tu. Wajerumani wa MeisterSinger wanatengeneza za namna hiyo tangu 2001, na uso wa saa hizo umegawanywa vipande vya dakika tano tano. Yangu haina jina. Haina namba pia, ina vistari tu, na hapo ndipo utamu wake ulipo: naivaa kichwa chini. Asubuhi, mshale unaopaswa kuelekea saba unajikuta kwenye moja, na saa moja ni saa moja, bila hesabu. Saa ya mishale miwili haikubali mchezo huu, maana wa dakika nao ungepinduka, na saa moja kamili ikasomeka saa moja na nusu. Najua, ningeipeleka mbele saa sita tu yakaisha. Raha iko wapi hapo?

Fundi aliyenibadilishia betri aliniita nyuma: "Mwanangu, hiyo umeivaa sivyo." Nikamweleza. Akaitazama, akatazama ya ukutani kwake, akacheka. "Sasa hii inasema saa nne na ngapi?"

"Na kitu, mzee."

Siku ya boti ya Pemba natazama simu.