Kabla ya Kununua Mashine ya Kusafishia Bwawa, Utazame Uchafu Wenyewe

Mwenye bwawa la kuogelea nyumbani anapotafuta njia bora ya kulisafisha, mara nyingi swali lake la kwanza huwa ni mashine gani anunue. Mimi naamini kwamba swali hilo lastahili kuja la pili, kwa sababu uchafu wa bwawa si wa aina moja: upo unaoelea, upo uliotuama sakafuni, upo ulioganda kutani, na upo ulioyeyuka ndani ya maji, ambao jicho haliuoni na mashine haiwezi kuuokota.

Uchafu unaoelea ndio rahisi kuliko wote, mradi usicheleweshwe. Majani na wadudu hukaa juu ya maji kwa muda tu kabla ya kulowa na kuzama, na katika muda huo wavu wenye mpini mrefu, ukisaidiana na skima ya ukingoni, yaani tundu linalovuta maji ya juu kuelekea kwenye pampu, huuondoa bila gharama yoyote. Majani yakishazama huanza kuoza, hutia madoa sakafuni na kuila klorini iliyokusudiwa kuua vijidudu.

Ni kwenye sakafu ndipo uamuzi wa mashine unapohitajika. Kifyonzi cha mkono, kinachounganishwa na skima kwa mpira mrefu, ni cha bei nafuu na kinafanya kazi nzuri, lakini kinamtaka mtu asimame ukingoni akikisukuma polepole, kwa kuwa akiharakisha hulitimua vumbi badala ya kulivuta. Zipo mashine zinazojiendesha kwa mvuto wa pampu ya bwawa, na zipo zinazosukumwa na maji ya kasi na kukusanya majani katika mfuko wao; hizi za pili hufaa sana bwawa lililo chini ya miti, ingawa nyingi huhitaji pampu ya ziada. Roboti, kwa upande wake, ina mota na chujio lake yenyewe, na hutumia umeme wa volti ndogo unaopitia kwenye transfoma, hivyo uchafu inaoukusanya haufiki kabisa kwenye chujio la bwawa.

Kule kutoitegemea pampu ya bwawa kuna uzito kuliko kunavyoonekana, na ndiko kunakonifanya niipendelee roboti licha ya bei yake kubwa. Pampu ya kawaida ya nguvu farasi 1 hutumia zaidi ya wati 750, ilhali roboti nyingi hutumia kati ya wati 100 na 200. Tena, mashine inayotegemea mvuto huilazimisha pampu kuzunguka kwa kasi muda wote wa usafi, na kasi ndiyo inayokula umeme: pampu inayoweza kubadilishwa mwendo, ikipunguzwa hadi nusu ya kasi yake, hupitisha takriban nusu ya maji kwa karibu sehemu moja ya nane ya umeme. Hata ukiiacha ifanye kazi kwa muda maradufu ili maji yaleyale yapite kwenye chujio, utakuwa umetumia kama robo tu ya umeme wa awali. Kwa hiyo anayemiliki roboti anaweza kuiacha pampu izunguke taratibu, jambo ambalo mwenye mashine ya mvuto hawezi kulifanya wakati wa kusafisha.

Hata hivyo, hakuna roboti inayoiondolea brashi kazi yake. Mwani huanzia pale maji yasipozunguka vizuri, yaani nyuma ya ngazi, kwenye pembe za vidato na chini ya taa, na mashine nyingi hazifiki huko. Sugua kuta kutoka juu kwenda chini angalau mara moja kwa wiki, ukitumia brashi ya nailoni kama bwawa lina vigae au plastiki, kwani brashi ya chuma huvikwaruza. Ni vizuri kusugua jioni, uchafu utuame usiku, kisha roboti iingie asubuhi.

Uchafu ulioyeyuka, kama vile jasho, mkojo na mafuta ya ngozi, hushughulikiwa na kemikali peke yake, na hapa wengi hupoteza fedha kwa kuongeza klorini bila kupima pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Katika bwawa lisilotiwa kemikali ya kuikinga klorini na jua, pH ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini huwa katika hali yenye nguvu ya kuua vijidudu. Ikipanda hadi 8, kiasi hicho hushuka hadi takriban robo au chini ya hapo. Rekebisha kwanza pH iwe kati ya 7.2 na 7.8, kisha ndipo uitazame klorini. Harufu kali inayochoma macho husababishwa na kloramini, zinazotokea klorini inapokutana na jasho na mkojo, na aghalabu ni dalili kwamba klorini imepungua. Kamwe usichanganye asidi na klorini, wala aina mbili za klorini, kwa maana gesi inayotoka inaweza kuua.

Chujio la mchanga nalo halihitaji kuoshwa kila siku. Mchanga uliokwisha kushika uchafu kidogo hunasa chembe ndogo zaidi ya zile zinazonaswa na mchanga safi, kwa hiyo subiri hadi geji ya shinikizo la chujio ipande paundi 8 hadi 10 kwa inchi ya mraba juu ya kiwango chake cha kawaida.

Maji yakishageuka kuwa ya kijani, roboti iache nje, kwa maana chujio lake litaziba kabla hata sakafu haijaonekana. Rekebisha pH, tia klorini ya kutosha jua likishatua, sugua kila upande, na uiache pampu izunguke usiku na mchana huku ukiosha chujio kila linapozidiwa. Mwani uliokufa ukishatuama, ufyonze kwa mkono na, ikiwa vali ya chujio inaruhusu, uelekeze maji yake nje moja kwa moja badala ya kuyapitisha kwenye mchanga, kisha ujazie maji yaliyopungua na upime upya kabla ya mtu yeyote kuingia.