Siku nesi wa utafiti alipokutana na bibi yangu

Mwaka 2019 nilijifungua mtoto wangu wa kwanza hapa Tanga na nikaongezewa njia, yaani nikachanwa msamba, pale kati ya uke na njia ya haja kubwa, ili mtoto apite. Aliyenichana hakuniuliza wala hakunieleza, nilisikia tu mkasi huku naambiwa sukuma, na ganzi ya kushonewa nayo ikaja nusu nusu, basi tu. Hospitali siitaji. Kabla sijaruhusiwa akaja wodini binti mmoja, nesi aliyerudi chuo, anafanya utafiti wa mshono wa msamba unavyopona, akanisomea karatasi ya ridhaa, akasema naweza kujitoa muda wowote na huduma nitapata vilevile, nikasaini. Kusema kweli nilisaini kwa kuwa yeye ndo alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza kama nimekubali kitu.

Nikaenda kulelewa uzazi kwa bibi, Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba. Bajaji ile sitaisahau, nimekalia upande mmoja, kila shimo naita mama. Na kwa bibi kuna kukandwa, maji yanachemka kwelikweli, kitambaa kinakamuliwa, tumbo, kiuno, na alikuwa anataka ateremke mpaka huko chini kwenye nyuzi ili "damu mbaya itoke". Nalia, ananiambia uzazi ndo huo.

Sa siku hiyo binti kaja na fomu yake, bibi ndo anaandaa beseni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kumtazama mzazi wangu, kwa ruhusa ya nani?"

Binti wala hakubisha, akakaa mkekani, akaeleza taratibu anachotafuta. Akaomba bibi atie mkono wake kwenye yale maji. Bibi akatia, akautoa haraka, akasema mkono wake umezoea sufuria! Tulicheka mpaka mshono ukanivuta. Hapo ndo binti akasema ngozi ya pale bado imevimba na hisia hazijakaa sawa, anaweza kuungua asijue mapema, kwa hiyo huko chini maji yawe vuguvugu tu, nikalie kidogo, nijifute kwa kugusagusa, pedi nibadili mara kwa mara. Kiuno bibi aendelee nacho, ila maji yapoe kidogo. Bibi akauliza nyuzi zitatolewa lini, akaambiwa zinayeyuka zenyewe, akaguna. Yeye kazaa saba nyumbani na mkunga wa mtaani na anasema hakuna aliyemkata.

Binti akasema hata Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilitoa mwongozo kwamba kuongeza njia kusiwe desturi ya kila anayejifungua kawaida. Nilikaa kimya kidogo hapo, maana pale wodini wazazi wa kwanza niliolala nao karibu wote tulikuwa tunatembea kama bata.

Akanitazama kwa tochi. Vitu vitano: wekundu, uvimbe, damu iliyovilia chini ya ngozi, majimaji yanayotoka, na kama kingo za kidonda zimekutana. Kila kimoja sifuri mpaka tatu, jumla 15, ukipata sifuri umepona. Nikapata tatu, na maisha yangu yote ya shule sijawahi kufurahia alama ndogo namna ile. Lakini nikamuuliza, we dada, na kwamba naogopa kwenda choo, na kunyonyesha nimelala upande kwa kuwa kukaa siwezi, hilo unaliandika wapi? Maana ngozi inaweza kupata alama nzuri mwenyewe bado unateseka. Akageuza ukurasa, kulikuwa na mstari wa maumivu, sifuri mpaka kumi. Nikaweka kidole kwenye saba. Ya choo akaandika pembeni kwa mkono, akaniambia ninywe maji mengi, nile mapapai na mboga, nisijibane.

Swali la mwisho lilikuwa la tendo la ndoa, kama tumesharudia. Nikaangalia ukuta. Bibi akadakia, "Andika arobaini haijaisha, mume wake yuko kwao."

Binti akaandika hivohivo, akasema basi hilo atauliza kwa simu baada ya miezi mitatu, akaomba namba. Simu yangu ilikuwa haikai chaji, bibi akamtajia ya kwake. Na miezi mitatu ilipofika alipiga kweli, bibi akapokea, akamjibu maswali yote yeye mwenyewe ndo akaja kunipa simu.