Siku ya kura Pennsylvania, saa kwa saa

Saa 12 asubuhi. Sisi wasimamizi wa kituo cha kura katika jimbo hili la Marekani tunaanza na lakiri za mashine ya kusoma kura. Namba ya lakiri isipolingana na fomu ya kaunti, mashine haiguswi, tunapiga simu. Zikilingana, mashine inawashwa na kutoa risiti yenye sifuri kwa kila mgombea. Msimamizi na wakaguzi wanaisaini, na sheria inataka wakaguzi hao wawe wa pande mbili: mmoja wa upande uliopata kura nyingi wakaguzi walipochaguliwa, mwingine wa upande uliofuata.

Saa 1. Milango wazi. Wapiga debe wanabaki futi 10 kutoka mlangoni. Ni saa hii pia, si kabla, kaunti zinaporuhusiwa kuanza kufungua bahasha za kura za posta. Kelele za uchaguzi wa rais wa mwaka 2020 chimbuko lake ni hapa: kura zilipigwa Jumanne, mshindi wa jimbo akajulikana Jumamosi, na watu wakadai kura “zimeibuka” usiku. Hazikuibuka. Zilikuwa kwenye bahasha, zikisubiri sheria.

Saa 3. Anafika aliyeomba kura ya posta lakini hakuituma. Akija na karatasi pamoja na bahasha yake, anazisalimisha, anasaini tamko, anapiga kura kama wengine. Akija mikono mitupu, anapewa kura ya muda, yaani inayowekwa kando hadi kaunti ihakikishe haki yake ya kupiga kura, na hapa ndipo kura nyingi zinapopotea. Anasaini kabla ya kujaza. Akimaliza, karatasi inaingia kwenye bahasha ndogo ya siri, bahasha hiyo inaingia kwenye kubwa, na anasaini tena. Saini ya pili ikisahaulika, kura haihesabiwi. Msimwache aondoke kabla hamjaigeuza bahasha na kuiangalia.

Saa 7 mchana kumetulia. Asiyesoma Kiingereza, wakiwemo Wakongo waliopata uraia, huja na msaidizi amtakaye, ila si mwajiri wake, wala mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi, wala msimamizi wa kituo.

Mtu atauliza, umakini wote huu wa nini? Rais hupatikana kwa kura 270 za wajumbe wanaogawiwa majimbo, kati ya 538, na mwaka 2024 jimbo hili lilikuwa na 19. Mwaka 2016 Trump alilichukua kwa tofauti ya kura kama 44,000. Gawanya kwa vituo zaidi ya 9,000: hazifiki tano kwa kituo.

Saa 11 jioni watu wanatoka kazini. Mashine inakwama kwa karatasi zilizokunjwa au kulowa. Aliyechagua wawili kwa nafasi moja anaonywa na mashine. Karatasi inaandikwa imeharibika, anapewa nyingine.

Saa 2 usiku. Karani anasimama nyuma ya mtu wa mwisho kwenye foleni. Wote walio mbele yake watapiga kura. Kisha saini za daftari zinalinganishwa na hesabu ya mashine. Pengo la moja mara nyingi ni mtu aliyesaini, akachoka kusubiri, akaondoka. Liandikeni kwenye fomu kama lilivyo. Nakala ya matokeo inabandikwa mlangoni. Kura za muda zinakwenda kaunti kwenye mfuko wake wenye lakiri. Usiku huu hazihesabiwi.