Siku moja maishani mwangu: mashindano ya kuvua samaki aina ya besi kwenye mto Mississippi

Saa 9:30 usiku. Tunatoka Rochester, Minnesota, tukiburuta boti, mpwa wangu kwenye usukani. Ana miaka 19, kazaliwa hukuhuku, ananiita Anko. Mama anapiga simu kutoka Mwanza, ambako ni karibu mchana. Anauliza samaki tutawala na nini. Namweleza tena kwamba wakishapimwa wanarudishwa mtoni, hai. Kimya. Kisha: "Sasa mnaenda kufanya nini?"

Saa 12 asubuhi, La Crosse, Wisconsin. Boti zinaachiwa kwa namba, yetu ni ya 23. Masharti: samaki watano, hushindaniwa uzito wao wote, kila mmoja asipungue inchi 14, na kurudi saa 9 alasiri. Kila dakika ya kuchelewa inakula ratili moja (karibu nusu kilo) ya uzito huo. Samaki akifa, nusu ratili.

Saa 1:15, lango la Genoa. Mto huu umekatwa kwa mabwawa, na vyombo hupandishwa na kushushwa kwenye malango. Mpwa anataka tushuke ng'ambo ya lango, kuna wavuvi wachache. Ubaya wake ni kwamba vyombo vya mizigo vina kipaumbele, na msafara wa matishari 15 hauenei kwenye lango la futi 600. Hukatwa vipande viwili, ukapita nusunusu, nawe unangoja. Asubuhi hii taa ni ya kijani. Tunashuka.

Saa 2 mpaka saa 6. Chini ya maji kuna kuta za mawe, zilizoanza kujengwa karne ya 19 ili kusukuma mkondo kwenye njia ya meli. Huzioni, unaona tu maji yamejikunja. Mimi niliyekulia kwenye mitumbwi ya sangara natupa chambo nyuma ya ukuta, penye utulivu. Saa nzima, patupu. "Anko, tupa upande wa juu wa mto, mkondo ukuletee." Natupa huko. Chambo kinagonga jiwe, kinadunda, halafu mshipi unakuwa mzito. Besi mdomo-mdogo anaruka mara mbili, rangi ya shaba, milia ubavuni. Ratili tatu tu, sangara wa kwetu angemmeza mzimamzima, lakini mikono inanitetemeka. Kufikia saa 6 tuna wanne.

Saa 6:30 mpwa anasema turudi. Nasema wa tano yupo. Kosa ni langu, nalikiri. Alipatikana saa 7:10, na saa 7:40 tukalikuta lango lina taa nyekundu, matishari nusu ndani, nusu nje.

Tukangoja kwenye jua. Maji yenye joto hushika hewa kidogo, kwa hiyo kila dakika kumi mpwa anafunua tangi la samaki, anabadilisha chupa ya barafu, anasikiliza pampu. Kwetu ziwani barafu ni ya samaki aliyekwisha kufa.

Lango lilifunguka saa 8:40. Tulifika saa 9 na dakika 4. Ratili 14.6, wote watano hai, toa nne. Tungekuwa wa tatu, tukawa wa kumi na nne. Mpwa hakusema neno, na ningependa angesema.

Saa 10 alasiri. Kabla ya kuondoka, sheria inataka umwage maji yote ya boti na ung'oe kila jani, usije ukahamishia ziwa jingine kome wageni. Namsimulia magugu maji yalivyowahi kuziba mialo ya Mwanza, mitumbwi isipate pa kutokea. Anasikiliza huku amelala chali chini ya trela.

"Anko," anasema hatimaye, "jani moja limebaki upande wako."