Siku moja katika duka la dawa: kiungulia na saa zake

Saa 2:00 asubuhi. Wa kwanza kufika ni yule aliyelala vibaya: kifua kinawaka, mdomo mchachu, sauti imekwaruza. Anataka "dawa ya vidonda vya tumbo". Kabla ya kugusa rafu tunauliza: moto unapanda kutoka chembe ya moyo hadi kooni? Unazidi ukiinama au ukilala? Kama ndivyo, kuna uwezekano mkubwa ni kiungulia. Kibano cha misuli mwisho wa umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) kimelegea, tindikali inarudi juu. Tumbo lina ute mzito wa kujikinga nayo, umio hauna.

Saa 2:30. Omeprazoli miligramu 20, kapsuli moja kwa siku, wiki 4 hadi 8. Dozi nyingi huharibikia hapa. Dawa hii hufunga pampu za tindikali zilizokwisha kuamka, na kinachoziamsha ni chakula. Kwa hiyo imezwe dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa, si baada ya chai na chapati. Isitafunwe: chembe zake zimevikwa ganda la kuzikinga na tindikali hiyohiyo. Nguvu yake hujengeka kwa siku kadhaa, kwa hiyo anayeiacha siku ya pili hajaijaribu.

Saa 5:00. Mama mjamzito. Homoni za ujauzito hulegeza kibano, na mtoto akikua husukuma tumbo juu. Aanze na milo midogo. Isipotosha, vidonge vya kutafuna vya magnesiamu na aluminiamu, saa 1 hadi 3 baada ya kula, vikiachana kwa saa 2 au zaidi na vidonge vya kuongeza damu, la sivyo madini ya chuma hayafyonzwi vizuri. Magnesiamu peke yake huharisha na aluminiamu hufunga choo; ndiyo sababu huchanganywa.

Saa 7:00 mchana. Chipsi mayai na soda vimeshuka, kiungulia kimepanda. Mafuta hukawiza chakula tumboni, gesi hufungua kibano. Maziwa? Hutuliza kidogo, kisha huchochea tindikali upya.

Saa 9:30. Doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria. Ikimezwa kwa funda moja la maji kisha mtu akajilaza, kidonge hunata na kuunguza umio, hata kwa asiye na kiungulia. Glasi nzima ya maji, na asilale kwa nusu saa.

Saa 11:00 jioni. Chakula kinakwama, uzito unashuka, anatapika damu au choo ni cheusi kama lami: huyo hatumuuzii kitu, aende hospitali apimwe kwa kamera. Tindikali ya miaka huacha makovu yanayobana umio, na saratani ya umio si ngeni Afrika Mashariki. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani pamoja na jasho huenda ni ya moyo. Aende sasa hivi.

Saa 2:00 usiku, kabla ya kufunga. Anayelala saa 4 awe amekwisha kula saa 1. Miguu ya kitanda upande wa kichwa iinuliwe sentimita 15 hadi 20; tofali la inchi 6 linatosha. Kurundika mito hukunja tumbo na kulibana zaidi. Alalie ubavu wa kushoto, mlango wa umio ubaki juu ya tindikali. Na aliyemeza omeprazoli kwa miezi asiikatishe ghafla, maana tindikali huweza kurudi kwa kishindo. Daktari ampangie namna ya kuipunguza.